Harufu Ambayo Elspet Garrow Hakuisikia

Barua ilifika Jumatatu, na Elspet Garrow aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa ghala namba mbili, koti hajavua, ufunguo bado unaning'inia kwenye kufuli. Haikuwa ndefu. Sampuli sita za wiski ya Tornabreck alizozituma Edinburgh zilinuswa na watu watatu, kila mmoja chumbani kwake, na wote watatu waliandika neno moja: salfa. Njiti ya kiberiti iliyotoka kuwashwa. Kabichi iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni. Wiski ya namna hiyo haiwezi kutiwa kwenye chupa kwa jina lake. Basi tarehe ishirini na tisa Machi lori la tangi litakuja kuichukua ikachanganywe na nyingine. Chini kulikuwa na sahihi ya Bwana Lumsden, na pembeni, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameongeza: Pole sana, Bi Garrow.

Alihesabu siku kwa vidole. Ishirini na nne.

Kiwanda cha Tornabreck kilikuwa kimezimwa miaka kumi na mitano nyuma. Mitambo yake ya shaba ilikatwa vipande ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, bomba la moshi likaangushwa, njiwa wakahamia kwenye chumba cha kukaushia shayiri. Maghala tu ndiyo yaliyobaki, kwa sababu wiski haijali kama aliyeipika yuko kazini au amefukuzwa. Inalala hadi siku yake ifike. Mwaka hadi mwaka mapipa yalitolewa moja moja, na Elspet akabaki na funguo, mpaka yakawa sita. Hayo sita yalikuwa ya siku ya mwisho. Aliyeipika wiski ile ni mumewe, Dod Garrow, na watu wote kumi na wanne wa kiwanda walikuja kuandika majina yao kwa chaki juu ya mapipa. Dod alilijaza pipa la nne kwa mkono wake mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Baridi ya mwaka ule ilimshika kifuani, na kabla ya Februari kwisha akazikwa.

Kampuni iliahidi kwamba hayo sita yatatoka kwa jina la Tornabreck, yakitoka vizuri. Yasipotoka vizuri yatamwagwa kwenye mchanganyiko mkubwa, humo ambamo wiski ya mtu hupotea kama kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya hoteli. Na ni Elspet mwenyewe aliyetaka yatoke vizuri zaidi. Mwaka juzi aliihamisha wiski kutoka mapipa yake ya zamani, akaitia kwenye mapipa yaliyowahi kulaza mvinyo mtamu wa Hispania, ili imalizie usingizi wake humo na kuokota rangi na utamu. Mapipa aliyachagua yeye. Aliingiza pua kwenye kila tundu, moja baada ya jingine, akasema haya sawa.

Sasa alichukua mrija, akang'oa kizibo cha pipa la kwanza, akavuta kidogo, akatia kwenye glasi. Akanusa. Zambarau zilizokauka, ganda la chungwa, jozi, nta ya viti vya kanisani. Akanusa la pili na la tatu. Akafika la nne, na hata humo hakusikia kiberiti wala kabichi.

"Wanaitaka tu," akasema peke yake. "Wameona ni nzuri, wanaitaka."

Akamimina ya glasi ile kwenye chupa ndogo, akaitia mfukoni mwa koti. Miaka thelathini na mmoja alikuwa hajawahi kurudi na wiski nyumbani. Sababu ilikuwa wifi yake.

Ina Garrow, dada yake Dod, alikuwa na miaka sabini na mmoja, hakuwahi kuolewa, na alikuwa akiishi chumba cha nyuma tangu mama yao alipokufa. Wao ni watu wa pwani, wavuvi, wa lile kanisa lao lisilo na kinanda wala dirisha la rangi, na kileo kwao hakiingii nyumbani hata ndani ya keki. Dod alipoiacha bahari akaenda kupika wiski, baba yake hakumsalimia miaka mitatu. Ina alimsalimia, lakini kila alipotoka kazini alimwambia avue nguo nje. Alikuwa na pua ambayo watu waliichoka. Alijua nani amepita na mbwa aliyelowa. Alijua maziwa yataharibika kesho. Mchungaji aliwahi kubadilisha sabuni, Ina akamuuliza nyumbani kuna nini.

Jioni ile Elspet aliingia kwa mlango wa nyuma, akafungua chupa penye sinki, polepole, ili anuse tena kwa hewa ya nyumbani. Sauti ikatoka sebuleni.

"Nani kawasha kiberiti humu?"

"Hakuna aliyewasha kitu, wifi."

"Usiniambie hakuna. Na kuna yai viza. Umenunua mayai kwa yule mwizi wa mjini Keith?"

Elspet alibaki ameshika chupa. Mayai hayakuwapo. Akaitazama wiski, halafu mlango wa sebule. Alichukua vikombe vitano vya chai. Kimoja akatia ile ya chupani, vinne akatia wiski nyingine ya zamani ambayo Dod alipewa kama zawadi, ikafichwa nyuma ya mkaa miaka yote hiyo. Akavipanga juu ya sinia, akaingia nayo sebuleni.

"Wifi, usiniulize kitu. Nusa tu, uniambie kiberiti kiko wapi."

"Hiyo ni pombe."

"Sijakwambia unywe."

Ina alimtazama kwa muda, akaona uso wake, akaacha kufuma soksi. Aliinama juu ya sinia kama mtu anayechungulia shimo. "Hiki hapa," akasema, akasukuma cha tatu. Elspet akatoka, akavibadilisha, akarudi. "Hiki. Mwishoni." Akatoka tena. Mara ya nne Ina hakuinama hata kidogo, alinyoosha kidole kutoka kitini. "Elspet, mtoto angekionyesha. Wewe hukisikii?"

"Sikisikii."

"Umeshikwa na mafua?"

"Hapana," Elspet akasema, akaketi kwenye kiti cha Dod. "Sina mafua."

Asubuhi yake alikwenda kwa Wattie Riach.

Wattie alikuwa fundi wa mapipa wa Tornabreck tangu ujana, mtu mfupi mwenye mikono mirefu, sasa ana miaka sabini na minane na alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla mapipa ya Hispania hayajaletwa. Alimkuta kwenye bustani yake anapalilia vitunguu vya majani ndani ya nusu pipa. Elspet alimweleza yote. Wattie aliendelea kupalilia, kisha akaacha, kisha akaanza tena mahali palipokwisha kupaliliwa.

"Binti," akasema bila kumtazama, "unakumbuka mapipa niliyokuwa nikiyarudisha nyuma ya ghala?"

"Yaliyovuja."

"Ndiyo. Nilikuwa nasema yanavuja."

"Mzee Wattie. Yalikuwa hayavuji?"

"Mengine yalivuja."

"Mangapi?"

"Mawili." Akafikiri. "Labda matatu."

"Kwa miaka ishirini na minane?"

Basi akamwambia. Kule Hispania, pipa likibaki tupu, huchomewa kipande cha salfa ndani lisipate ukungu, na likichomewa sana, harufu huingia ndani ya mbao ikakaa. Alikuwa akiyanusa yote kabla yake, na yenye salfa akiyaviringisha pembeni. Mara ya kwanza hakujua. Elspet alikuwa kanusa pipa ambalo yeye Wattie lilimkabili kama moshi wa mpira unaoungua, naye akasema safi, lijazwe. Alidhani anatania. Mara ya pili akajua. Wako watu wa namna hiyo, si wachache. Pua yao inasikia yote isipokuwa hiyo moja, na wenyewe hawajui, maana mtu atajuaje asichokisikia?

"Na hukuniambia."

"Wakati ule? Wewe ndiye mwanamke wa kwanza kupewa glasi ya kunusia pale. Umetoka kubandika karatasi kwenye chupa, ukawaambia wakubwa kwamba wiski yao inanuka paka, ikaonekana kweli paka alizalia bombani. Walikucheka wiki nzima na wakakupa kazi kwa aibu. Yule meneja alikuwa akingoja jambo moja tu akurudishe kwenye karatasi. Nikaona hili ni dogo, nitalibeba mimi."

"Halafu ukastaafu."

"Nilitaka kukuambia siku ile ya kuniaga." Alikwaruza udongo kwenye kucha. "Wakaleta keki."

Elspet hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Alisema kwa sauti ya chini kwamba amempenda Wattie kama kaka kwa nusu ya maisha yake, na kwamba muda wote huo amemwacha atembee juu ya ubao uliooza akimwambia sakafu ni nzima. "Kazi ya mwisho ya Dod, Wattie. Nimeitia kwenye moshi kwa mikono yangu. Nikaandika kwenye daftari, haya sawa."

"Najua."

"Njoo uninusie basi. Tuone kama kuna la kufanya."

Wattie akainua uso, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ningekuja jana. Ile homa ya majira ya baridi iliondoka na pua yangu, binti. Naweza kulala juu ya samadi nikadhani ni blanketi."

Kwa hiyo ilibaki pua ya Ina.

Ina aliombwa mezani, juu ya supu ya samaki haddoki wa moshi, na alijibu alipomaliza sahani, maana kwao chakula hakichezewi. Alisema aliweka ahadi akiwa na miaka tisa, mbele ya watu, kwamba kileo hakitagusa midomo yake. Hakuna aliyetaja pua, hilo ni kweli. Ghalani hataingia. Watamletea hapa jikoni, mchana kweupe, mlango wazi, na baadaye atanawa uso. Kisha akaweka kijiko.

"Na jambo jingine. Huwezi kusema umenusa wewe."

"Wifi, wakijua kwamba—"

"Jina langu usilitaje, nitapata shida kanisani. Lakini jina lako pia lisikae pale kwenye daftari la kunusa. Sinusi kwa ajili ya uongo. Utamwambia yule bwana wako."

"Nikimwambia, nimekwisha."

"Na usipomwambia?"

Elspet alikusanya sahani. Alisema ndiyo kwa kichwa, akijua moyoni kwamba bado hajasema ndiyo.

Wakaanza. Wattie alileta peni za zamani, sarafu za shaba za kabla hazijaanza kutengenezwa kwa chuma, akazisugua kwa siki mpaka zikang'aa, wakatia moja kwenye kila glasi. Shaba hushika salfa. Ndiyo maana mtambo wa wiski hutengenezwa kwa shaba. Zile glasi zilikaa dirishani toka asubuhi mpaka saa ya chai, na Ina akazipitia moja moja, kitambaa cha mezani begani kama muuza samaki. Ya kwanza, kiberiti kimeondoka. Ya pili, kimepungua. Ya tatu na ya sita vilevile. Ya nne, akanusa mara mbili, kipo lakini kinakwenda. Ya tano, akarudisha kichwa nyuma. Kabichi, na si ya leo.

"Ya tano imeoana na mvinyo," Wattie akasema. "Hiyo hata shaba haiiwezi. Nyingine zinatibika, taratibu. Tutazitoa humo, tutazitia kwenye mapipa ya Marekani tutakayoyachoma upya ndani. Makaa hunywa harufu. Yanataka miezi."

"Ninazo siku kumi na tisa."

"Basi tuanze leo."

Lakini Elspet alikuwa ameziona zile peni. Alikuwa ameona kiberiti kikitoka kwenye glasi kwa siku moja, na mtu akikata tamaa huona njia ya mkato mahali ambapo jana aliona ukuta. Nyumbani, nyuma ya mlango, kulikuwa na kipande cha shaba kinene kama mchi mdogo, ambacho Dod alikiomba siku mtambo ulipokatwa. Kilikuwa kikizuia mlango usipige upepo ukivuma. Shaba ileile iliyoipika wiski ile. Alikisugua, akakifunga kamba, na kabla Wattie hajafika ghalani alikitumbukiza ndani ya pipa la kwanza. La nne aliliogopa. Hakumwambia mtu. Siku nne alipita mbele ya lile pipa akilipapasa, na siku hizo nne alikula vizuri.

Siku ya tano alikivuta. Shaba ilitoka imepauka kama mfupa. Alitia wiski kwenye glasi, akainua kwenye mwanga, ikawa na ukungu wa kijani kama maji ya bwawa. Akaonja. Ilikuwa kama kunyonya ufunguo.

Wattie alipoonja aliitema sakafuni, na katika ghala lile hakuna aliyewahi kumwona akitema wiski. "Nani kakuambia ufanye hivi?"

"Peni zilifanya kazi."

"Peni moja kwenye glasi, kutwa, ili tuujue ugonjwa. Hiyo ni kupima. Hatukusema umpe mgonjwa kipima joto akitafune."

"Ilikuwa shaba ya Dod."

Wattie akainama. Alikiokota kile kipande, akakifuta kwa mkono wa shati, akakiweka juu ya dirisha. "Dod mwenyewe angekuzaba kofi," akasema. "Haya. Tumebaki na matano, na moja katika hayo ni maiti. Lete nyundo."

Wiki ile walichoma mbao. Wattie alikuwa na mapipa ya Kimarekani ya zamani, na kila moja lilifunguliwa kichwa, likakwaruzwa ndani mpaka mwaloni mpya ukaonekana, likasimamishwa juu ya kikapu cha moto. Mikono ya Wattie haikuweza tena kuinua pete za chuma, kwa hiyo alikaa juu ya kreti akatoa amri, na Elspet, mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye goti bovu, aligonga, akaviringisha, akakohoa. Ndani ya pipa miali ilipanda, mbao zikalia, zikapasukapasuka kama mgongo wa mamba, na ikafika dakika ambayo Wattie alizoea kuijua kwa pua.

"Inanukaje sasa?"

"Mkate uliochomwa."

"Bado. Sasa?"

"Sukari. Sukari iliyoungua."

"Zima. Zima, mama wee, unataka tubaki na pete?"

Wakahamisha wiski, pipa kwa pipa. La nne alilihamisha mwenyewe kwa ndoo, hakutumia pampu, na kila ndoo aliibeba kama anabeba mtoto anayetaka kulala.

Kisha hapakuwa na cha kufanya ila kungoja, na kungoja ndiko kulikomvunja. Hakulala vizuri. Akinusa, alisikia zambarau na chungwa na jozi, vilevile kama siku alipokosea, na hakuwa na njia ya kujua kama jambo lolote limetokea. Alianza kuishuku pua yake kwa kila kitu. Alinusa mkate mara tatu kabla ya kuula. Alinusa shati la Dod lililokuwa bado kabatini na akajiuliza kama na humo kuna kitu ambacho watu wengine wote walikisikia. Kila saa sita mchana Ina alinusa, akataja, akanawa uso, na Elspet aliandika kwenye kipande cha karatasi maneno ya wifi yake, ambayo hayakuwa maneno ya watu wa kazi ile. La pili: sanduku la marehemu mama, moshi kidogo. La tatu: bora kuliko jana. La nne: mtu kapita na kiberiti, lakini katoka nje. La tano: niondolee hapa.

Siku tatu kabla ya lori alipiga simu Edinburgh. Alikuwa ameandika la kusema kwenye bahasha, na simu ilipopokelewa hakuitazama.

"Bwana Lumsden, ni Elspet Garrow. Salfa ipo. Ninyi mlikuwa sahihi."

"Ahsante kwa kusema, Bi Garrow. Najua—"

"Mimi siisikii. Pua yangu haiisikii salfa, haijawahi kuisikia."

Upande wa pili kiti kililia. "Sijakuelewa vizuri. Una miaka thelathini kazini."

"Thelathini na mmoja. Ishirini na minane kati ya hiyo kulikuwa na Wattie Riach."

Alimweleza, pamoja na shaba na ukungu wa kijani, kwa sababu alikwishaanza na hakuona pa kusimama.

"Sasa ananusa nani?"

"Wifi yangu."

"Ni mtu wa kazi hii?"

"Hajaonja tone maishani mwake. Anaona sisi sote tunakwenda motoni."

Kikasikika kitu kama kikohozi. Kisha sauti yake ikarudi ya kiofisi. "Nitakuja mwenyewe na lori. Lakini nikishajua hili, Bi Garrow, siwezi kujifanya sikulijua. Kwenye daftari la kunusa jina lako haliwezi kubaki."

"Ndiyo maana nimepiga," Elspet akasema.

Tarehe ishirini na tisa ukungu wa baharini ulikuwa umeingia mpaka bondeni na lori lilikuja na taa zimewashwa saa nne asubuhi. Bwana Lumsden alikuwa mrefu, amevaa buti za mjini. Elspet alimpangia glasi sita juu ya ubao, zilizofunikwa, bila namba. Katika mfuko wa aproni alikuwa na karatasi ya Ina. Wattie alikaa juu ya kreti yake. Dereva wa lori aliegemea mlango akila mkate mkavu wa nafaka ya oti.

Bwana Lumsden alinusa kwa muda mrefu. Ya pili, ya tatu na ya sita alizisogeza kushoto. "Zimebadilika. Hazijapona, lakini zimebadilika." Ya kwanza akaitazama tu na kuiacha. Ya tano akaisogeza kulia. Akabaki na moja mkononi. Alinusa, akaongeza maji kidogo, akanusa tena.

"Hii bado ina kiberiti," akasema, na akaanza kuisogeza kulia.

Ilikuwa ya pipa la nne.

Elspet alishika ukingo wa glasi upande wa pili. Hakupanga kufanya hivyo. Wakawa wameishika wote wawili juu ya ubao kama watoto wanaogombea kikombe, na Wattie akatazama pembeni.

"Soma kwanza," Elspet akasema, akampa karatasi kwa mkono wa pili.

Akaisoma. Aliisoma kutoka juu mpaka chini, siku kumi, mapipa matano, mtu kapita na kiberiti lakini katoka nje. Siku iliyofuata: yuko barazani. Siku iliyofuata: yuko getini. Leo asubuhi: namsikia, lakini yuko barabarani, anakwenda. Bwana Lumsden akarudia kunusa akiwa na karatasi mkononi, akafumba macho.

"Barabarani," akasema taratibu. "Wale watatu wangu hawajawahi kuniandikia kitu kinachoeleweka namna hii." Akaachia glasi. "Mpaka Oktoba. Haya manne. Mawili yanaondoka leo."

Hivyo Elspet ndiye aliyeshika mpira wa pampu, kwa sababu hakutaka mgeni aushike. La kwanza na la tano yaliingia kwenye tangi kwa dakika chache. Siku ile ya mwisho jina lake alikuwa ameliandika kwenye pipa la kwanza la zamani, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja wakati ule, mwenye mume. Alipochomoa mpira, matone ya mwisho yalimwagikia mikononi, na hakuifuta mikono mpaka lori likapotea kwenye ukungu.

Funguo waliziacha kwake. Daftari la kunusa lilibaki mezani, jina lake limekatwa kwa mstari mmoja wa rula, na nafasi iliyofuata ilikuwa tupu. Majira ya joto yote aliviringisha, akafagia, akachota, akapeleka vikombe jikoni, akabandika chupa karatasi alipoombwa, na hakunusa chochote kwa ajili ya mtu. Watu wa kijiji walijua, kama wanavyojua yote. Kwenye duka la nyama mmoja alimuuliza kama leo amenusa kwamba soseji ni za nguruwe. Alisema atamwuliza wifi yake.

Jumanne moja ya Oktoba Ina alichukua kikombe cha la nne, akainama, akanusa. Elspet alisimama na kalamu.

"Hakuna kitu," Ina akasema.

"Nusa tena."

"Nimesema hakuna kitu."

"Wifi, nakuomba. Mara moja tu."

Ina akanusa tena, akakaa na kikombe magotini, ambako hakuwahi kukiweka. "Ni Dod," akasema. "Saa kumi na moja jioni, amesimama hapo nje, nimemwambia avue koti." Akakirudisha kwenye sinia haraka, akainuka kwenda kunawa uso, na maji yakatiririka muda mrefu kuliko siku nyingine.

Elspet alikichukua kile kikombe. Zambarau, chungwa, jozi, nta. Nyuma yake hakusikia kitu, na kwa mara ya kwanza tangu Machi aliamini kwamba hakuna kitu. Alikwenda ghalani na kufungua daftari kwenye ile nafasi tupu. Pipa la nne, safi, liko tayari. Aliyenusa: akafikiri jina lisilotakiwa kutajwa, na jina jingine lisilotakiwa kukaa pale.

Akaandika: Wifi.